Kijineno kinachohama: kwa nini husemwa "turn it off" na si "turn off it"

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jumamosi moja alikuja na daftari lake la Kiingereza, akanifungulia ukurasa uliopigwa mstari katikati. Kushoto ameandika vitenzi vinavyotenganika: "turn off", "put on", "pick up", "throw away". Kulia visivyotenganika: "look after", "come across", "wait for". Orodha imeshuka mpaka chini, ikageukia ukurasa wa pili. Kimoja tu, "see through", kilikuwa pande zote mbili, na mbele yake alama ya kuuliza.

"Mjomba, hiki kinakaa wapi?"

Alikuwa na sentensi mbili. "I saw through him." Na nyingine: "I saw him through." Maneno ni yale yale manne, mawili ya mwisho yamebadilishana viti tu. Ya kwanza inasema nilimgundua. Alijifanya mwema nikaziona hila zake. Ya pili inasema nilikuwa naye katika shida mpaka akavuka. Huyo "him" wa kwanza ni tapeli, wa pili huenda ni mgonjwa niliyemuuguza.

Nikamjibu nilivyojibiwa mimi enzi zangu: kariri tu, ndivyo wenyewe wanavyosema. Halafu nikaona haya. Sababu ipo, tena si ngumu. Ila ukurasa wa safu mbili unaificha, kwa kuwa unamfanya mtoto aangalie kitenzi, wakati mambo yote yamo kwenye kile kijineno kinachofuata.

Darasani vitenzi hivi huitwa kwa jina lao la Kiingereza, "phrasal verbs". Kiingereza huchukua kitenzi kifupi cha kila siku, kama "put", "get", "take", "turn", "look" au "give", kikakifungia kijineno kama "up", "off", "out" au "after", na maana inayotoka huwezi kuipata kwa kujumlisha. "Put" ni weka. "Off" ni habari ya kuondoka juu ya kitu au kukaa mbali nacho. "Put off" ni kuahirisha. "Give" ni toa, "up" ni juu, na mtu akisema "I give up" amekata tamaa.

Tusijifanye tunashangaa sana. Hiyo kata tamaa yenyewe ina kisu gani? Sisi hukata tamaa, hukata shauri, hukata kiu, hukata rufaa, hukata tiketi, hukata kona, na siku zikiisha hukata roho. Hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga kura, hupiga deki, na hakuna anayekwenda polisi kushtaki. Mzungu anayejifunza Kiswahili naye ana daftari lake lenye ukurasa wa "piga" na anakuna kichwa kama mpwa wangu. Tofauti ni kwamba sisi tunakibebesha kitenzi nomino, wao wanakibebesha kijineno cha mahali au mwelekeo. Na kwa kuwa kijineno chao ni kidogo na chepesi, linazuka swali ambalo kwetu halina uzito: kikija kitu kinachotendwa, yaani shamirisho, kijineno kikae mbele yake au nyuma yake?

Hapo ndipo walimu wa Kiingereza huleta mfano wa kilima na bili.

"He ran up a hill." Alikimbia kupanda kilima. "He ran up a bill." Alikula na kunywa kwa mkopo mpaka deni likawa kubwa. Ukizitazama ni pacha. Zina mfuatano mmoja, na herufi moja tu ndiyo inayotofautisha "hill" na "bill". Lakini zikate kwa kisu uone zinavyoachana. Ya kwanza inakatika baada ya "ran": alikimbia, wapi? "Up a hill", juu ya kilima. Kijineno ni mali ya kilima. Ya pili inakatika baada ya "up": alifanya nini? "Ran up", alilimbikiza. Alilimbikiza nini? Bili. Hapa kijineno ni mali ya kitenzi.

Kisarufi tunasema "up" ya kwanza ni kihusishi, na kihusishi kazi yake ni kuishika nomino inayokifuata. "Up" ya pili ni kielezi, na kielezi kinamfuata bwana wake kitenzi, si nomino. Kila kitu kingine katika mada hii kinatoka hapo. Kijineno kilichoishika nomino hakiwezi kuiachia ili kirukie upande wake wa pili, kwa hiyo kitenzi hicho tunasema hakitenganiki. Kijineno ambacho hakijaishika nomino kina uhuru wa kusogea, na shamirisho linaweza kupita katikati. Ndiyo maana ni sawa kusema "he ran a bill up", lakini ukisema "he ran a hill up" Mwingereza atakutazama kama umemwaga chai.

Ukitaka kuhakikisha, weka kiwakilishi badala ya nomino. Kilima kinakuwa "he ran up it". Bili inakuwa "he ran it up". Au jaribu kuchomeka kielezi kingine kati ya kitenzi na kijineno: "he ran quickly up the hill" inapita bila kelele, kwa sababu pale pana mwanya tayari. "He ran quickly up a bill" inagoma, maana unaingilia watu waliooana. Au sogeza kijineno na nomino yake mwanzoni, kama wafanyavyo wasimuliaji wa hadithi: "Up the hill he ran." Nzuri kabisa. "Up the bill he ran" haipo.

Sikio nalo linasaidia. Katika "turn it off" sauti inapanda kwenye "off", wakati katika "look at it" inapanda kwenye "look" na "at" inamezwa karibu isisikike. Vielezi hutamkwa kwa nguvu. Vihusishi vifupi hufifia. Ukisikiliza redio ya Kiingereza kwa wiki moja huku ukitega hilo tu, utajifunza zaidi ya unavyojifunza kwenye orodha.

Sasa turudi kwenye taa. "Turn off the light" ni sawa, na "turn the light off" ni sawa. Ila ukiondoa "the light" ukaweka "it", uchaguzi unakwisha. Ni "turn it off" peke yake. Hili ni kosa linalokula alama nyingi, na wanafunzi hulilalamikia kama uonevu: kama nomino ina njia mbili, kwa nini kiwakilishi kinyimwe moja?

Mswahili hapaswi kulalamika. Sisi tunasema "zima taa", nomino ikiwa nje ya kitenzi. Tukishajua tunazungumzia taa ipi, tunasema "izime". Hatusemi "zima i". Nomino ilipoondoka na nafasi yake ikachukuliwa na kiambishi, kiambishi kiliingia ndani ya kitenzi, na hakuna Mswahili aliyewahi kuuliza kwa nini. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, lakini kwenye vitenzi hivi kinafanya jambo lile lile kwa vifaa vyake: kitenzi na kijineno ni kuta mbili za chumba kimoja, na kiwakilishi kinaingia ndani. "Izime" na "turn it off" zina umbo moja. "Ivae", "put it on". "Irudishe", "give it back". Ukiishika picha hiyo ya kuingia ndani, hutasema "turn off it" tena.

Undani wake ni kwamba Kiingereza hupenda kuweka mwisho wa sentensi kile kilicho kipya au kizito, na kutanguliza kile ambacho msikilizaji anakijua tayari. "It" si habari mpya, kila mtu anajua ni nini, kwa hiyo haipewi kiti cha mwisho. Nomino ya kawaida kama "the light" iko katikati, si nzito wala si nyepesi, ndiyo maana inaruhusiwa pande zote. Na shamirisho likiwa refu, mambo yanageuka: kijineno kinabaki na kitenzi chake na mzigo wote unasukumwa nyuma. "She turned down the job that her brother had found for her in Mombasa" inasomeka vizuri. Ukiitenganisha, "she turned the job that her brother had found for her in Mombasa down", hujavunja sheria, lakini msikilizaji amebeba mzigo tangu "turned" mpaka Mombasa akingoja aambiwe huyo dada aliifanya nini hiyo kazi. Likija "down" ameshachoka.

Na kwa nini "look at it" inaruhusu "it" ikae mwisho? Kwa kuwa hapo "it" haina pengine pa kwenda. Imeshikwa na "at", na kihusishi cha Kiingereza hutangulia neno kinalolishika.

Kwa hiyo swali la daftari si kitenzi hiki kimo safu gani, bali kijineno hiki ni kielezi au kihusishi. Na habari njema ni kwamba vijineno vyenyewe ni vichache, havifiki hata robo ya vitenzi vya daftari lile.

Vipo visivyokuwa vihusishi hata siku moja: "away", "back", "apart", "together". Ukiviona na kuna shamirisho, jua vinaachia nafasi. "Throw it away." "Give it back." Na "apart" kwa kweli hailazimiki tu kuachia kiwakilishi, hata nomino huipitisha katikati: "I can't tell the twins apart", siwezi kuwatofautisha mapacha. Kusema "tell apart the twins" kunakwaruza sikio.

Vipo ambavyo karibu daima ni vihusishi: "at", "for", "from", "into", "of", "with", "after", "against". Hivi haviachii mtu. "Look after him", "wait for her", "look into it", "deal with them". Hapa pia Kiswahili kinatupa fimbo ya kutembelea. Tazama tunavyovitafsiri vingi vyao: "pray for" ni ombea, "cry for" ni lilia, "speak for" ni semea, "die for" ni fia, "run to" ni kimbilia, "wait for" ni ngojea. Kihusishi chao kwetu ni kauli ya kutendea, ile "-ia" au "-ea" iliyogandishwa kwenye kitenzi. Na kama vile usivyoweza kuing'oa "-ea" ya "ombea" ukaipeleka mwisho wa sentensi, ndivyo usivyoweza kuing'oa "for" mbele ya nomino yake. Si kanuni ya kuapia, "look into" hatuiwekei kauli hiyo, tunasema chunguza. Lakini tafsiri yako ikija na "-ia" au "-ea", shuku kwamba una kihusishi mkononi.

Tatizo liko kwa vigeugeu: "up", "down", "in", "on", "off", "over", "through", "by". Hivi leo ni vielezi, kesho vihusishi, na ndivyo vinavyojaza madaftari. "Turn on the radio" inakuwa "turn it on", washa. Lakini mbwa akimgeukia mwenye mbwa na kumshambulia, "the dog turned on him", na "him" haingii katikati. "Hand over the keys" inakuwa "hand them over", zikabidhi. Lakini "go over the accounts", kupitia hesabu, inakuwa "go over them".

Kwa vigeugeu mimi hutazama kitenzi kikiwa peke yake, kabla hakijapewa kijineno. Je, kinaweza kubeba shamirisho? "Hand", "take", "put", "bring", "throw" vinaweza: unaweza kumkabidhi mtu kitu, kukichukua, kukirusha. Basi shamirisho ni lao, na kijineno ni huru. "Go", "come", "fall" haviwezi. Huwezi "kwenda" kitu. Basi ikiwa mbele yake kuna nomino, lazima nomino hiyo imebebwa na kijineno, na kijineno ni kihusishi. Ndiyo maana "come across a photo" ni "come across it", "go over the accounts" ni "go over them", "fall for the trick" ni "fall for it". Mtego upo, na "run up a bill" ni mmojawapo, kama ilivyo "look up a word", kutafuta neno kwenye kamusi, inayokuwa "look it up". Hapo kijineno kimekigeuza kitenzi kikawa elekezi, yaani kimekipa nguvu ya kubeba shamirisho ambayo chenyewe hakikuwa nayo. Hivyo ni vichache. Hivyo ndivyo vinavyostahili kukaririwa.

Kuna kundi ambalo lisingepaswa hata kuingia kwenye mjadala: "the bus broke down", "she woke up", "prices went up". Hakuna shamirisho, kwa hiyo hakuna wa kupita katikati. Vitabu huviweka safu ya visivyotenganika, na kimahesabu ni kweli, lakini ni sawa na kumsifu kapera kwamba hajawahi kumtaliki mkewe.

Vipo pia vyenye vijineno viwili: "put up with", kuvumilia, "run out of", kuishiwa, "look forward to", kungoja kwa hamu. Cha kwanza ni kielezi, cha pili ni kihusishi, na kwa kuwa kihusishi ndicho kilicho jirani na nomino, mnyororo wote haukatiki. "I can't put up with it." Kuna mzaha maarufu juu ya hiki, ambao huwekwa mdomoni mwa Winston Churchill ingawa hakuna ushahidi kwamba aliusema. Walimu wa zamani walikuwa wakikataza sentensi kuishia na kihusishi, na mtu mmoja, akiwadhihaki, akaandika kwamba huu ni upuuzi "up with which I will not put". Wanaojua Kiingereza hucheka kwa sababu amekivunja kitu kisichovunjika: "with" ilikuwa na haki ya kutangulia, ni kihusishi, lakini "up" ni kielezi cha "put", na kuiburuta mpaka mbele ni kama kumng'oa bibi harusi ukumbini.

Na vipo vyenye vijineno viwili na mashamirisho mawili. "He took his anger out on the children", hasira zake alizimalizia kwa watoto. "Out" ni kielezi, inaachia nafasi kwa "his anger". "On" ni kihusishi, inawashika "the children". Ukishajua nani amemshika nani, sentensi ya namna hii haikutishi tena.

Kwa nini Kiingereza kiliingia katika mambo haya? Jirani yake wa ukoo, Kijerumani, anatuonyesha kilikotoka. Kijerumani kina vitenzi ambavyo kijineno huandikwa mbele, vikiwa neno moja, kama "aufmachen", kufungua. Lakini kwenye sentensi ya kawaida kijineno kinakatika na kukimbilia mwisho: "Ich mache die Tür auf", nafungua mlango. Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia ya karibu na hiyo, vijineno vikitangulia au kufuata, mpaka kadiri karne zilivyopita mpangilio wa maneno ukakaza na kijineno kikazoea kukaa nyuma ya kitenzi. Vile vilivyokwisha kugandana mbele vilibaki vimegandana: "understand", "withstand", "overcome". Ndiyo maana leo kuna jozi za ajabu. "Overlook" ni kupitiwa, kutoliona jambo. "Look over" ni kulipitia kwa macho. "Uphold" ni kudumisha hukumu au haki. "Hold up" ni kuchelewesha, au kupora kwa silaha. "Overtake" ni kile madereva wetu wanachokiita kuovateki, na "take over" ni kushika hatamu.

Halafu mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Maneno ya Kifaransa na Kilatini yakamiminika, yakachukua viti vya mbele mahakamani na vitabuni: "extinguish", "postpone", "tolerate", "investigate". Yale ya asili yakabaki sokoni na nyumbani: "put out", "put off", "put up with", "look into". Sisi tuliosoma Kiingereza shuleni tuliingia kupitia mlango wa mbele. Mwanafunzi wetu anaijua "postpone" kabla ya "put off", anaijua "tolerate" miaka mingi kabla ya "put up with", na akifika mahali watu wanapiga soga za kawaida anajikuta anazungumza kama hati ya kiwanja.

Wageni kuhangaika na vitenzi hivi si jambo la jana. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba miungano hii ya kitenzi na kijineno ni mingi katika Kiingereza kuliko pengine lugha yoyote nyingine, na kwamba ndiyo inayowatesa wageni zaidi. Hilo jina "phrasal verbs" lenyewe ni changa kuliko tatizo. Logan Pearsall Smith alilitumia kitabuni mwaka 1925, akisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Kwetu Afrika Mashariki vijineno hivi vimekuwa na maisha yao. Vingine tumevimeza vizima vikiwa nomino: pikapu inayobeba mchanga, mekapu ya bibi harusi, chekapu ya hospitali, na lokidauni ya mwaka 2020. Hapo hakuna anayehangaika kama "up" inatenganika. Imekuwa "-apu" na imepewa ngeli.

Tunapozungumza Kiingereza chenyewe, kijineno ndicho tunachokidondosha kwanza. "I'll pick you at six", utaisikia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Wanaochunguza Kiingereza cha eneo letu huitaja miongoni mwa alama zake. Kwa aliyezoea Kiingereza cha London, "pick you" ni nitakuchagua. Nadhani tunakidondosha kwa kuwa kwetu kitendo chote kimekaa ndani ya neno moja: nitakupitia, nitakufuata, nitakuchukua. Kiwakilishi kimo, wakati umo, hakijabaki chochote cha kusema baadaye, na ile "up" inaonekana kama mabaki. Wakati huohuo tunakiongeza pasipohitajika: "cope up with", ambapo Kiingereza sanifu kina "cope with" tu. Hapo nahisi tumeambukizwa na "put up with", "keep up with" na "catch up with", tukaona nacho kisikose.

Sioni dhambi katika "I'll pick you" watu wakiwa stendi na wakielewana. Lakini kwenye mtihani itakatwa, na mwenye kuandika barua ya kazi ajue hivyo.

Kamusi nyingi za wanafunzi zina siri ndogo ambayo sikuambiwa nilipokuwa shuleni. Kitenzi kinachotenganika huonyeshwa kikiwa na "something" au "somebody" katikati, mara nyingi kukiwa na mshale wenye vichwa viwili kuonyesha kwamba shamirisho linaweza kuruka upande wa pili. Kisichotenganika kina "something" mwishoni, bila mshale. Hiyo alama ndogo inafanya kazi ya safu zote mbili za daftari. Ukiandika kitenzi kipya, kiandike na kiti chake: "turn something off", "look after somebody".

Nilimweleza mpwa wangu haya, si kwa mpangilio huu, mengine nikiyatafuta njiani. Tulipofika kwenye "see through" sikumpa jibu. Nilimuuliza "through" imemshika nani.

Ya kwanza aliipata upesi. "Through him": kijineno kimemshika mtu, jicho linapita ndani yake kama linavyopita kwenye kioo. Hakuna anachoweza kuficha. Ya pili ilimchukua muda. "See" imembeba "him" yenyewe, lakini kumwona mtu na kumsaidia vinahusianaje? Nikamkumbusha "see him off", anayofanyiwa msafiri uwanja wa ndege, na "see him out", anayofanyiwa mgeni mpaka mlangoni.

Akafikiri kidogo. "Kumsindikiza," akasema. Kisha akafuta ile alama ya kuuliza, na pembeni ya sentensi ya pili akaandika kwa kalamu ya risasi: kumsindikiza mpaka ng'ambo.